Mwendo wa Mjomba Birindwa

Simu ya mama yake ilimkuta Zihindula kwenye ngazi za nyuma za ukumbi wa maonyesho mjini Buffalo, Jumatatu asubuhi, akila ndizi kabla ya mazoezi. Mama alikuwa na furaha iliyomtia wasiwasi tangu neno la kwanza.

"Tunakuya!" alisema. "Kanisa ilipata gari. Tuko batu kumi na moja. Ijumaa tunalala Whitehall kwa Chimène wa kanisa ya kule, Jumamosi tuko hapo kwako kukusikiliza."

"Mama, ni mbali. Ni masaa tisa. Na huku theluji haijaisha."

"Theluji tunaijua. Umeimba mu miji ya watu miaka yote, na miye mama yako sijakuona hata siku moja! Tena mujomba wako anakuya. Aliomba ruhusa ku kazi. Alinunua koti mupya."

Kipande cha ndizi kilimkwama Zihindula kooni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mama yake, kule Okolona, kusini mwa Louisville, akaanza kumuuliza kama anavaa skafu.

Angekuja mama peke yake, yangekuwa mengine. Wangekuja watu mia wa kanisa, angewaimbia roho ikiwa imetulia. Lakini mjomba Birindwa hakupaswa kuiona kazi hii. Hakupaswa kuiona katika mji wowote, na kwa miaka saba Zihindula alikuwa amehakikisha kwamba haioni.

Kazi yenyewe ni opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yote huimbwa, bila kipaza sauti, mbele ya okestra nzima. Zihindula ana sauti ya besi, ile nzito ya chini kabisa. Waimbaji wa besi hupewa nafasi za aina mbili. Wapo wanaocheza wafalme na makuhani, ambao husimama palepale na kuomboleza. Wapo wanaocheza wazee wa kuchekwa: daktari asiyejua dawa, tajiri mwenye upara anayetaka kuoa binti wa miaka kumi na tisa, hakimu anayejiona mkubwa kuliko mji wake. Zihindula, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili na nywele zake zote kichwani, ni wa aina hii ya pili. Amevalishwa matumbo ya pamba na masharubu ya gundi katika miji saba, na katika miji yote saba watu wamecheka mara tu alipoingia jukwaani.

Nyumbani hakuna aliyelijua hilo. Picha alizomtumia mama yake zilikuwa zile za suti nyeusi, amesimama kando ya piano kama mtu anayesubiri kutoa neno msibani. Kanisani Okolona waliamini kwamba mtoto wao anaimba nyimbo za Mungu kwa Kiitaliano, naye hakuwahi kusema ndiyo wala hapana.

Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na Birindwa, kaka ya mama yake, akawachukua wote wawili nyumbani kwake. Birindwa alikuwa mkuu wa shule ya msingi. Watu walimwita Direkta, na mpaka leo Okolona wanamwita hivyo, ingawa kazi yake sasa ni kubandika vibandiko kwenye katoni ghalani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Vita vilipowafikia walikimbilia Uganda, kambi ya Nakivale, wakakaa huko miaka sita. Hata kambini Birindwa alivaa tai. Alikwenda kwenye foleni ya mahindi kama anayekwenda kukagua madarasa: mikono nyuma, kifua mbele, kisigino kikitangulia kugusa ardhi, hatua moja, kisha pumziko dogo, kisha nyingine. Kabla ya kusema neno alikohoa mara mbili. Na kila alipofika mlangoni, hata mlango wa turubai, alisimama kwanza akatazama juu, kwa sababu miaka ishirini alikuwa ameongoza shule yenye paa linalovuja. Watoto wa kambi walimfuata nyuma wakimwiga. Zihindula, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimpiga mmoja wao mpaka akamtoa jino.

Walipofika Louisville, Amerika, alikuwa na miaka kumi na sita. Mwalimu wa kwaya ya shule alimsikia akiimba, akamshika mkono kama mtu aliyeokota kitu barabarani na kuogopa kitachukuliwa. Miaka mitatu baadaye Zihindula alipata nafasi ya kusomea uimbaji Columbus, katika chuo kikubwa cha jimbo. Alipanga chumba karibu na chuo pamoja na wanafunzi wenzake kutoka Afrika, na wikendi aliwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa huko Whitehall, pembeni mwa Columbus, akiwaogesha na kuwaimbia ili wasimpige.

Alikusudia kuwa mfalme. Sauti alikuwa nayo, urefu alikuwa nao. Mwaka wake wa mwisho walimpa kweli nafasi ya mfalme aliyefiwa na mwanawe, na akaifanyia kazi kwa moyo wake wote. Alijiuliza: katika maisha yangu yote, ni nani niliyemwona akitembea kama mfalme? Jibu lilikuja bila kutafutwa. Akampa mfalme wake mwendo wa mjomba, pumziko lake, mikono yake nyuma, na yale macho ya kupandisha juu mlangoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima kubwa kuliko zote alizozijua, na aliitoa yote.

Alipoingia jukwaani, watu walicheka.

Kwanza kilikuwa kicheko kidogo, cha watu waliojaribu kujizuia. Aliposimama mlangoni na kutazama juu, ukumbi mzima ulilipuka. Aliimba msiba wa mwanawe huku watu wakifuta machozi ya kucheka. Baadaye alijifungia chooni, bado na taji kichwani, mpaka Nyakio, Mkenya aliyekuwa akimpigia piano, alipokuja kugonga mlango.

"Zihindula, toka. Tafadhali."

"Waliniona mjinga."

"Walikuona funny, si mjinga. Hiyo walk umeitoa wapi? Mimi nilikosa note mbili nikicheka, na mimi sikosangi note."

Hakumwambia ameitoa wapi. Wiki hiyohiyo mkurugenzi mmoja wa opera aliyekuwa amekaa safu ya nyuma alimwandikia: anatafuta mtu wa kucheza daktari mpumbavu, na angependa mtu mwenye mwendo ule ule.

Hivyo ndivyo alivyopata riziki yake. Mara kadhaa alijaribu kuiacha mienendo ya mjomba na kubuni mingine. Kila mara walimwambia alikuwa bora zamani. Basi daktari alitembea kama Birindwa, tajiri mwenye upara alikohoa kama Birindwa, na kila Krismasi, kazi ya kuimba ilipokuwa haba, Zihindula alirudi Okolona kufanya kazi ghalani bega kwa bega na Birindwa mwenyewe, akila chakula chake kutoka sufuria moja naye, bila kuthubutu kumtazama akipita mlangoni.

Na sasa Birindwa alikuwa amenunua koti.

Mchezo wa Buffalo ulikuwa juu ya hakimu wa mji mdogo anayetaka kumnyang'anya msaga nafaka kinu chake kwa hukumu ya uongo. Mke wa hakimu anamgundua mumewe, na hakimu anajificha ndani ya sanduku la unga. Mwishoni anatoka humo mweupe kama kuta za zahanati na kukimbia kwa kutambaa kwa mikono na magoti, katikati ya miguu ya watu wote, mpaka kwenye mlango mdogo wa mbwa. Hapo ndipo watu walipotarajiwa kucheka kuliko pote.

Jumanne na Jumatano hakulala vizuri. Alikunywa maji mengi kupita kiasi, na kila dakika chache aliipima sauti yake kwa kuguna, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ufunguo bado upo. Alhamisi, katika mazoezi ya mwisho, alijaribu njia pekee aliyoiona. Alimwingiza hakimu kwa mwendo mwingine, wa haraka, wa mtu mnene anayehema. Hakukohoa. Hakutazama juu.

Bi. Nowicki, mwongozaji, mwanamke mfupi mwenyeji wa Buffalo aliyezoea kusema huku akitafuna penseli, alisimamisha okestra.

"Huyu ni nani?"

"Ni hakimu."

"Hapana. Hakimu wangu alikuwa hapa Jumatano. Huyu simjui. Je, kuna aliyecheka?" Aligeukia viti. Mafundi wa taa walitazama viatu vyao. "Zihindula, nilikuajiri kwa ajili ya mtu yule. Jumamosi niletee mtu yule."

Ijumaa jioni mama yake alimtumia ramani kwenye simu, ile inayoonyesha mtu alipo, na alama ndogo ya bluu ikaanza kupanda kutoka Louisville. Ililala Whitehall. Jumamosi ilianza kusogea saa kumi na mbili asubuhi. Zihindula alikaa kitandani akaitazama ikipita Cleveland, ikipita Erie, ikifuata ukingo wa ziwa. Onyesho lilikuwa saa nane mchana. Saa nne na nusu alivaa viatu, akatembea mpaka kwenye hoteli waliyopanga kufikia. Alikuwa ameamua kwamba afadhali mjomba ayasikie mdomoni mwake kuliko kuyaona ghafla mbele ya watu elfu moja.

Gari lilifika saa tano. Wanawake walishuka na mabegi ya vitenge, wakamkumbatia, wakamwambia amekonda, wakapanda vyumbani kubadilisha nguo. Birindwa alibaki chini. Alisimama mlangoni pa chumba cha kahawa, akatazama juu, akaridhika, akaingia. Alijimiminia kahawa katika kikombe cha karatasi.

"Bon. Keti," alisema. "Uso yako iko kama ya mutoto mwenye alivunja kioo ya klasi."

"Mujomba, niko na neno."

"Ndiyo, naona. Sema."

Zihindula alisema. Aliyasema yote bila mpangilio, akianzia mwisho: hakimu, kicheko, Columbus, mfalme. Birindwa hakumkatiza. Alikuwa na tabia ya ualimu ya kumwacha mwanafunzi amalize hata kama jibu si lenyewe.

"Donc, basi, ule mutu anatembea kama miye."

"Ndiyo."

"Na kravati anashika hivi?" Birindwa aliishika tai yake.

"Ndiyo, mujomba."

"Na batu banacheka. Banacheka wakati anasema, ao wakati anaingia?"

"Wakati anaingia."

"Mbele aseme hata neno moja, bado hajafungua kinywa?"

"Mbele aseme."

Birindwa alikunywa kahawa, akaiweka chini.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba natembea mu Amerika yote, na miye nilifikiri niko Okolona! Hata hapa Buffalo nilishafika. Tumetoka asubuhi gizani juu ya nini?"

Zihindula alicheka kidogo, kwa woga, akaacha mara moja kwa sababu mjomba hakuwa akicheka.

"Ku kazi pia beko banacheka," Birindwa aliendelea. "Kuko kijana mumoja, bosi wa zamu. Anatembea nyuma yangu hivi, hivi. Nikigeuka ananyamaza. Yeye ananyamaza. Weye, mutoto wa dada yangu, unaongeza na muziki."

Zihindula aliificha mikono chini ya meza. Alifikiria kwamba baada ya saa tatu angepaswa kuimba noti ndefu ya chini kwa pumzi moja, na kwamba sasa hivi hakuwa na pumzi ya kumwezesha hata kuomba radhi.

"Na mwisho?" mjomba aliuliza. "Huyu hakimu, mwisho anakuwa je?"

"Anatoka mu sanduku ya unga. Anatambaa."

"Anatambaa namna gani?"

"Na magoti. Mpaka mu mlango ya mbwa."

"Mbele ya bibi yake?"

"Mbele ya wote."

Birindwa alikohoa mara mbili. Zihindula alikijua sana kikohozi hicho, akakaa wima kama zamani darasani.

"Sikiliza vizuri. Mwendo ulichukua, siwezi kukuambia uurudishe, umeshakula chakula yake. Mwenye kucheka acheke. Lakini miye sijatambaa mbele ya mutu. Walungu sikutambaa. Nakivale, na ile njaa, sikutambaa. Ule mutu asitambae."

"Mujomba, si miye napanga. Kuko bosi."

"Kila fasi, hata ku kazi yangu, kuko bosi. Usipoweza, uniambie sasa, nibakie hapa niangalie télé."

Kabla Zihindula hajajibu, mama yake alishuka na kitenge kipya cha manjano, kilemba kimepanda juu kama mnara.

"Direkta, bado na koti ya safari? Weye Zihindula, uniambie: kuko maombi mbele ya kuanza, ao tuombe sisi wenyewe mu gari?"

"Muombe mu gari, mama," alisema. Akamgeukia mjomba. "Kuya, mujomba."

"Sijasikia jibu," alisema Birindwa. Lakini alisimama na kwenda kubadilisha koti.

Saa nane na dakika tano Zihindula alisimama gizani nyuma ya pazia, tumbo la pamba limefungwa kiunoni, masharubu yakimwasha. Kupitia tundu dogo aliwaona: safu ya nne, kilemba cha manjano, na pembeni yake mjomba, koti jipya, mikono magotini. Okestra ilifika mahali pake pa kuingia. Akaenda.

Mikono nyuma. Kisigino. Pumziko. Kicheko kilikuja kilekile cha siku zote. Alifika mlangoni pa mahakama, akatazama juu, na ukumbi ukalipuka. Katika kelele ile alisikia sauti moja ya mwanamke ikisema kwa nguvu, kwa Kiswahili, "Yesu wangu, si ni Direkta!" Ilikuwa ya mama yake. Hakuthubutu kutazama safu ya nne tena.

Aliimba sehemu ya kwanza, akaimba ya pili. Aliimba vizuri, kwa namna mtu anavyoweza kuendesha gari vizuri akiwa na homa. Kisha walimfungia ndani ya sanduku la unga, na humo ndani, magoti yamegusa kidevu, akahesabu alichobakiwa nacho. Muziki wa kutambaa ulikuwa mfupi na wa mbio, umepimwa kutoka sandukuni mpaka mlango wa mbwa, hatua chache tu. Mlango wa watu ulikuwa upande wa pili wa jukwaa. Kwa mwendo wa Birindwa, muziki ungekwisha kabla hajafika. Angebaki peke yake kwenye mwanga, bila noti hata moja ya kumsindikiza, na Bi. Nowicki akitazama kutoka pembeni. Waimbaji wengi wa besi wanatafuta kazi.

Kifuniko kilifunguliwa. Wanakijiji walicheka kama walivyofundishwa. Okestra ikaanza mbio zake.

Zihindula alitoka sandukuni, akajinyoosha. Unga ulimwagika kutoka mabegani mwake. Aliweka mikono nyuma, akageukia mlango wa watu, akaanza kutembea. Hatua, pumziko. Waimbaji wenzake walipisha bila kuelewa. Muziki ulimpita, ukafika mwisho wake, ukakatika, naye alikuwa bado na hatua tano.

Hakuna aliyecheka.

Alizisikia hatua zake mwenyewe kwenye mbao. Alisikia mtu akikohoa ukumbini, mara moja tu, si mjomba. Alifika mlangoni, akasimama, akatazama juu. Kimya. Akatoka.

Nyuma ya pazia Bi. Nowicki alimngoja na penseli mdomoni.

"Umeniulia kicheko kikubwa kuliko vyote katika mchezo huu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mjomba wangu yuko safu ya nne."

Bi. Nowicki alitoa penseli mdomoni. Kwa mwaka mmoja wa kufahamiana hakuwa amesikia lolote kuhusu mjomba. "Kesho yuko wapi?"

"Njiani kurudi."

"Basi kesho unatambaa," alisema. "Ukitembea tena, Jumatatu natafuta mwingine."

Makofi yalikuwa ya kawaida, wala si haba wala si mengi. Zihindula alijifuta unga nusunusu na kukimbilia ukumbi wa mbele, ambako watu walikuwa wakivaa makoti. Aliwakuta wanawake wa kanisa wakipiga picha chini ya taa kubwa. Mjomba alikuwa akielekea mlango wa nje kwa mwendo wake. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipita alimwona, akang'aa uso, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Umecheza vizuri mno, bwana! Mke wangu alicheka mpaka mbavu zikamuuma."

"Thank you," Birindwa alimjibu taratibu, kwa Kiingereza chake cha shule, na akainamisha kichwa kidogo.

Zihindula alimfikia walipokuwa wametoka nje. Upepo wa ziwani ulikuwa ukisukuma theluji kavu juu ya lami. Unga ulikuwa bado masikioni mwake.

"Mujomba."

"Ule muzee ananifikiria miye ni weye."

"Nimesikia."

"Sikumukatalia. Angepata haya." Birindwa alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Kesho munacheza tena?"

"Tunacheza."

"Atatambaa?"

Zihindula alitamani kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mjomba alikuwa akimtazama kama alivyowatazama watoto wote wa Walungu, akingoja jibu sahihi na si jibu tamu.

"Atatambaa, mujomba. Bosi amekata shauri."

Gari la kanisa lilisogea mbele yao, mlango ukafunguliwa, na mama akaanza kuita kwamba watu wanaganda.

"Leo hakutambaa," alisema Birindwa.

"Leo hapana."

"Bon. Miye nilikuya leo."

Akaingia garini, akakaa kiti cha mbele, akamwambia dereva awashe hita.